Kabla ya Kibao cha Mbwa Mkali

Kibao hutangulia. Mchora mabango anaandika MBWA MKALI kwa rangi nyekundu, pengine anaongeza na kichwa chenye meno nje, kisha kibao kinatundikwa getini siku ileile ambayo mbwa mwenyewe anashushwa kutoka kwenye katoni ya mafuta ya kupikia. Ana wiki nane. Tumbo limemjaa kama ngoma, miguu ya nyuma inamteleza kwenye sakafu ya saruji, na sauti yake haifiki hata kwa jirani wa ukuta wa pili. Anakojoa palepale aliposhushwa, anazunguka mara mbili, anaingia uvunguni mwa kiti na kulala.

Kati ya kibao kile na mnyama huyu kuna kazi ya wiki sita hadi nane ambayo nyumba nyingi hazijui kwamba ipo. Kulisha wanajua. Sindano wamesikia. Lakini malezi yenyewe, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, Arusha, Nakuru au Nairobi, huwa ni kanuni moja ya kurithiana: afungiwe bandani, asizoeane na watu, akikua atakuwa mkali. Wako hata wanaomtilia pilipili kwenye chakula wakiamini inamwongezea hasira, ilhali kinachoongezeka ni kuhara tu. Kanuni hiyo ina kosa tangu mzizini, na anayekuja kuilipia ni mtoto wa jirani aliyeingia kuokota mpira.

Usiku wa kwanza ndio unaowavunja watu moyo. Taa zinazimwa, nyumba inatulia, kisha kilio kinaanza: kwanza kidogo kidogo kama mlango usiotiwa mafuta, halafu kwa kupanda, halafu bila kituo. Ifikapo saa nane mwenye nyumba ameshasema maneno ambayo mchana asingeyasema. Wengi huamua kwamba kijibwa anadeka, na kwamba akiachwa atazoea.

Hadeki. Mpaka jana alilala juu ya mgongo wa ndugu yake, mwingine amemlalia shingoni, na mama pembeni akipumua. Hajawahi hata mara moja maishani mwake kuwa peke yake gizani. Kwa mnyama wa umri huo, kuachwa peke yake ni kupotea, na aliyepotea hana silaha nyingine zaidi ya sauti. Kumfokea au kupiga bati la banda kwa fimbo kunamthibitishia tu kwamba mahali hapa pana hatari kweli.

Dawa yake haina gharama. Siku ya kwenda kumchukua, mtu aende na kipande cha kitambaa, akisugue kwa mama na kwa ndugu wa kijibwa, arudi nacho. Usiku ukiingia, chupa ya plastiki ya lita moja na nusu inatiwa maji ya vuguvugu, si ya moto, inafungwa vizuri, inazungushiwa kanga kuukuu na kile kitambaa juu yake, kisha inalazwa kwenye boksi. Kijibwa hujibanza hapo, pua ndani ya kanga, na mara nyingi kilio kinakatika katikati. Maji yakipoa usiku wa manane, anaamka na kulia tena, na hapo inafaa kumtoa akojoe, kubadilisha maji na kumrudisha bila mchezo wala mazungumzo marefu. Muhimu kuliko chupa ni boksi lenyewe lilipo. Likiwa nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa mwisho, kazi inakuwa ngumu mara mbili. Likiwa barazani, mlangoni, mahali anaposikia watu wakikohoa na kugeuka vitandani, usiku wa tatu au wa nne huwa mwepesi.

Nyumba nyingi za Waislamu wa pwani haziingizi mbwa ndani, na kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi sababu inajulikana: mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hilo halimzuii mtu kulea mbwa wa ulinzi vizuri. Katika kisa cha vijana wa pangoni, ndani ya Surat Al-Kahf, mbwa wao alikuwa amenyoosha miguu yake ya mbele pale kizingitini. Kizingitini ndipo mahali panapomfaa hata kijibwa wa usiku wa kwanza: nje ya nyumba, lakini pamoja na watu wake.

Umri aliochukuliwa nao una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kando ya barabara za Nairobi wapo vijana wanaonyanyua watoto wa mbwa juu ili wenye magari wawaone, na baadhi ya wanyama hao hawajafikisha hata wiki sita. Meno ya maziwa yameota juzi. Watafiti wa Italia walichapisha mwaka 2011 ulinganisho wa mbwa 140 waliokwisha kukua. Nusu yao walitenganishwa na mama wakiwa na siku 30 hadi 40, nusu wakiwa na miezi miwili. Waliochukuliwa mapema ndio walioonyesha zaidi woga wa kelele, kubweka kupita kiasi, kuharibu vitu na uchoyo wa chakula. Wiki hizo za mwisho kwa mama ni za shule. Akimng'ata ndugu yake kwa nguvu, mchezo unakoma. Akimng'ata mama, anakemewa. Huko ndiko anakojifunza kipimo cha taya zake. Muuzaji anayesema kijibwa wa wiki tano "ameshaanza kula ugali, mchukue tu" anazungumzia tumbo peke yake.

Lakini shule kubwa zaidi inafunguliwa akishafika nyumbani, na hapa ndipo ushahidi ulipo mzito kuliko mahali pengine popote katika elimu ya mbwa.

Mwaka 1945 mwanasayansi John Paul Scott alifika Bar Harbor, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Maine, Marekani, kuongoza utafiti wa tabia za wanyama kwenye maabara ya Jackson. Pamoja na mwenzake John Fuller alilea na kupima vizazi vya mbwa wa aina tano. Mmoja wao alikuwa basenji, mbwa wa uwindaji kutoka misitu ya Kongo, ambaye jina lake linahusishwa na neno hilohilo tunalolitumia tunaposema "mbwa shenzi". Walichokikuta, na kukieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965, ni kwamba mtoto wa mbwa ana msimu wa kuzoea. Unaanza karibu wiki ya tatu, macho na masikio yakishafunguka, na kufikia wiki ya 12 au 14 umekwisha. Alichokutana nacho kwa amani ndani ya msimu huo atakihesabu kuwa sehemu ya dunia yake. Asichokutana nacho kitabaki kigeni, na kwa mnyama kigeni ni kitu cha kukimbiwa au kung'atwa.

Basenji walikuwa mfano mzuri kuliko wote. Wakiwa na wiki tano, watoto wao walikimbia, walilia na kujaribu kung'ata waliposhikwa, kuliko wenzao wa aina za Ulaya. Wiki chache za kushikwashikwa kwa upole zikawatuliza. Anayemtazama mbwa wetu wa kienyeji akasema ushenzi uko kwenye damu, ajue kwamba damu ilikuwa nusu tu ya habari.

Mwaka 1961 Daniel Freedman, John King na Orville Elliot walichapisha jaribio kali zaidi kutoka Bar Harbor. Watoto wa mbwa waliachwa na mama zao kwenye uwanja wenye uzio mrefu, wakilishwa bila kumwona binadamu. Baadhi walitolewa kwa wiki moja tu ya kuchezewa na mtu: wengine wakiwa na wiki mbili, wengine tatu, tano, saba au tisa, kisha wakarudishwa. Wengine hawakutolewa kabisa hadi wiki ya 14. Waliotolewa wakiwa na wiki tatu walimwendea mtu papo hapo. Wa wiki tano walisita kidogo tu. Kadiri umri ulivyosogea, ndivyo siku za kujificha zilivyozidi. Na wale waliongoja mpaka wiki ya 14 walikuwa wanyama wa porini. Hata mmoja aliyeshughulikiwa kwa miezi kadhaa baadaye hakubadilika sana.

Mvua za masika zikishapita, mkulima bado anaweza kupanda. Atamwagilia kwa ndoo, atavuna kidogo, kwa jasho jingi. Ndivyo ilivyo kwa mbwa aliyefungiwa bandani kuanzia wiki ya nane hadi mwezi wa tano. Anayetoka humo si jasiri. Ni mwoga mwenye meno 42. Mbwa wa namna hiyo huwa hachagui: anamng'ata anayekimbia, anayejikwaa, anayenyoosha mkono ghafla, na hao kwa kawaida ni watoto, fundi wa bomba na bibi aliyekuja kusalimia. Mwizi mzoefu anayeingia taratibu na kipande cha nyama hana sifa hizo. Mbwa aliyezoeshwa watu hubweka vilevile akisikia hatua ngeni usiku. Silika ya kulinda mahali pake huja yenyewe anapokomaa, na kwa kuwa hana hofu, anaweza kusimama pale aliposimama badala ya kukimbilia nyuma ya tangi la maji.

Hapo ndipo linapotokea swali linalowatatiza hata wenye nia njema. Daktari wa mifugo amesema mtoto asitembezwe nje mpaka amalize chanjo, na chanjo zinamalizika karibu na wiki ya 16. Msimu wa kuzoea unakwisha wiki ya 14. Utamtoaje usiyetakiwa kumtoa? Chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia kilitoa msimamo wake mwaka 2008: matatizo ya tabia ndiyo yanayoongoza kuua mbwa walio chini ya miaka mitatu, kuliko maradhi ya kuambukiza, kwa hiyo kuzoeshwa kuanze mapema, siku saba baada ya sindano ya kwanza, mahali ambapo hatari ya maambukizo ni ndogo.

Kwa Kiswahili cha mtaani, jibu ni kikapu. Hatari iko kwenye udongo na kwenye mbwa wengine, haiko kwenye kuona wala kusikia. Kijibwa akibebwa mikononi au kwenye kikapu cha ukili, miguu yake haigusi chini, anaweza kukaa robo saa karibu na kituo cha bodaboda, akasikia pikipiki zikiwashwa, honi, kondakta akiita abiria. Anaweza kuona mkokoteni wa maji, mwavuli ukifunguliwa, mtu mwenye kofia ya pikipiki, mama mwenye mtandio, mzee mwenye mkongojo, wanafunzi wa sare wanaotoka shule wakipiga kelele. Nyumbani, wageni waombwe wachuchumae na kumwacha yeye awasogelee, si wao wamkimbilie. Mvua ya kwanza kwenye bati ni somo zito. Wakati huo apewe kipande cha nyama ya kuchemsha ili ngurumo ije na kitu kizuri. Adhana, kengele ya kanisa, mashine ya kusaga, blenda, redio ya jirani: kila kimoja mara chache, kwa umbali anaouweza. Akigeuza kichwa na kutaka kujificha kwapani, umbali ni mdogo mno. Arudishwe nyuma kidogo, apumue, amalize siku hiyo kwa usalama.

Robo saa inatosha. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili analala saa 18 hadi 20 kwa siku, na asiyepata usingizi huo huwa mkorofi jioni, akikimbia ovyo na kung'ata kila pindo la kanga. Watoto wa nyumba huwa ndio wa kuelezwa: akilala, asiamshwe.

Sasa maradhi, maana msimu wa kuzoea ndio huohuo msimu wa kufa.

Parvo ilijitokeza duniani mwaka 1978 na kuenea mabara yote kwa kasi ya kutisha. Kijibwa anaanza kwa kukataa chakula, analala ubavu, anatapika, kisha anahara maji yenye damu na harufu ambayo aliyewahi kuinusa haisahau. Kinachomuua ni kuishiwa maji mwilini na sumu za bakteria zinazopita kwenye utumbo uliochubuka, na inaweza kuwa ndani ya siku mbili au tatu tangu dalili zionekane. Hapa hakuna la kungoja kesho. Dripu na uangalizi wa daktari humwokoa mgonjwa ambaye uji wa nyumbani hauwezi kumwokoa. Rottweiler na Doberman, ambao ndio wanaotafutwa sana kwa ulinzi, hupatwa vibaya zaidi.

Kuna msiba unaojirudia katika nyumba zetu na unaumiza kwa sababu unazuilika. Kijibwa anakufa, watoto wanalia, baba kwa huruma analeta mwingine baada ya siku kumi, na huyo naye anakufa. Watu wanaanza kusema nyumba ina mkosi. Kirusi cha parvo kinaishi kwenye udongo wenye kivuli kwa miezi, hata mwaka. Sabuni ya kawaida haikiui. Sakafu ya banda ioshwe uchafu wote utoke, kisha imwagiwe Jiki, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, iachwe ikae dakika kumi. Udongo hauoshwi kwa Jiki. Unaachiwa jua na muda. Anayetaka mbwa mwingine mapema achukue aliyekwisha kukamilisha chanjo.

Na chanjo haikamiliki kwa sindano moja. Mtoto wa mbwa huzaliwa akapata kinga kutoka kwenye maziwa ya kwanza ya mama yake. Kinga hiyo inamlinda, lakini pia inaizima chanjo, kwa kuwa inaitambua kama adui na kuimaliza kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Siku inapoisha haijulikani kwa macho: kwa mmoja ni wiki ya saba, kwa ndugu yake wa tumbo moja ni wiki ya 13. Ndiyo maana sindano huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka wiki ya 16, ili mojawapo imkute mlango uko wazi. Anayesema "nilishamchanja" baada ya sindano ya kwanza amecheza bahati nasibu na uhai wa mnyama. Hali ni hiyohiyo kwa chanjo iliyonunuliwa dukani na kutembezwa mfukoni juani. Imekwisha nguvu kabla haijafika nyumbani, kwa kuwa inatakiwa kukaa kwenye baridi wakati wote.

Ndani ya sindano hiyohiyo mna kinga ya distempa, maradhi ya mafua mazito, homa na degedege. Mwaka 1914 wachimba mawe wa Oberkassel, karibu na Bonn, Ujerumani, walifukua kaburi la miaka takriban 14,000 lenye mwanamume, mwanamke na mabaki ya mbwa. Watafiti walipoyachunguza upya meno ya mbwa huyo na kuchapisha matokeo mwaka 2018, waliona alama za ugonjwa mkali, unaolingana na distempa, uliompata zaidi ya mara moja akiwa na umri wa kama miezi mitano. Alikufa na miezi sita na kitu. Mnyama mchanga mwenye maradhi hayo hawezi kuvuka vipindi hivyo peke yake. Yaelekea mtu alimpa maji, akamfuta matapishi, akamweka penye joto, na mbwa huyo hakuwa na faida yoyote ya uwindaji kwa wakati ule. Watu wa zama za mawe, wasio na daktari wala dripu, walikesha na mtoto wa mbwa.

Distempa ileile ilipita Serengeti mwaka 1994. Simba wapatao 1,000, karibu theluthi ya simba wa eneo hilo, walikufa, na kirusi kilihusishwa na mbwa wa vijijini pembezoni mwa hifadhi. Kijibwa anayechanjwa kijijini huenda akamlinda hata simba.

Kichaa cha mbwa kina sindano yake, na hii haina mjadala. Ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na watu wanne katika kila kumi wanaong'atwa na wanyama washukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba. Kwa kawaida mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, na kwenye kampeni za vijijini hata wadogo zaidi hupelekwa kwenye foleni pamoja na wakubwa. Udogo wa mnyama usimdanganye mtu: mtoto wa mbwa anaweza kuwa na kichaa, na kwa kuwa anabebwa na kila mtoto wa mtaa, anaweza kuwaachia mikwaruzo watu kumi kwa siku moja. Jeraha la mbwa asiyejulikana chanjo yake lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mchubuko.

Minyoo haipaswi kungojwa mpaka ionekane. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa nayo tayari, wameirithi tumboni mwa mama na kwenye maziwa, ndiyo sababu ya lile tumbo la ngoma. Dawa huanza wiki ya pili na kurudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya nane, halafu kila mwezi mpaka miezi sita. Kinyesi kiokotwe kila siku: mayai ya minyoo hiyo huhitaji wiki mbili au zaidi kwenye udongo kabla ya kuweza kumwambukiza mtoto anayechezea mchanga. Kupe wakaguliwe kila jioni ndani ya masikio na kati ya vidole. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumike kwa kijibwa, inaweza kumuua. Wala oili chafu na mafuta ya taa kwa upele, kwani huingia mwilini kupitia ngozi na kwa ulimi anapojilamba.

Chakula si fumbo. Mara nne kwa siku mpaka miezi mitatu, kidogo kidogo, na maji safi wakati wote. Ugali mtupu humjaza bila kumjenga, na mifupa yake hupinda. Dagaa wazima wasio na chumvi nyingi, waliochemshwa, humpa protini na kalsiamu kwa pamoja. Unga ulioota ukungu usipewe mbwa kwa kuwa "binadamu hawezi kuula". Sumukuvu iliyoua watu 125 huko Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya mwaka 2004 inaua ini la mbwa vilevile, na la mtoto kwa haraka zaidi. Vitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa vibaki kwa wenyewe.

Kuhusu haja, hesabu ya wafugaji ni hii: umri wake kwa miezi, ongeza moja, ndizo saa anazoweza kujizuia mchana. Wa miezi miwili ana saa tatu, tena kwa kubahatisha. Hukojoa akiamka, akimaliza kula na mchezo ukikoma. Anayempeleka kona ileile ya ua nyakati hizo tatu, akamsubiri na kumsifu kabla hajainua mguu wa kurudi, humaliza kazi kwa wiki chache. Kumchovya pua kwenye mkojo wa nusu saa iliyopita kunamfundisha kitu kimoja, kwamba mikono ya watu hubadilika bila sababu, na ataanza kukojoa nyuma ya kabati. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza waliwauliza wamiliki 364 jinsi walivyowafundisha mbwa wao. Waliotumia zaidi adhabu walitaja matatizo mengi zaidi ya tabia; waliotumia zawadi walikuwa na mbwa watiifu zaidi.

Meno madogo 28 ya mtoto wa mbwa ni makali kama sindano, na kila nyumba ina wiki ya mikono yenye mikwaruzo. Mtoto akikimbia na kupiga mayowe, kwa kijibwa huo ni mwaliko. Wafundishwe kusimama kama mti, mikono kifuani, macho pembeni. Mkubwa ampe kijibwa kitu kingine cha kutafuna: kamba nene iliyofungwa fundo, au kitambaa kilicholowekwa na kukunjwa. Asiyetoa kitu mbadala atatafuniwa ndala, na hana wa kumlaumu.

Katikati ya haya yote yuko mtu mmoja anayechoka kuliko wengine. Baba aliyetaka mbwa yuko kazini, watoto waliomwombea wako shule, na anayefuta mikojo, anayepika uji wa nne, anayeamka usiku ni mama au dada wa kazi, ambaye pengine hakuulizwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki walichapisha mwaka 2024 kipimo cha hali hiyo, inayowapata wamiliki wapya: kukereka, wasiwasi na kuchoka, pamoja na majuto ya kuuliza kwa nini tulimleta. Ni hali ya kawaida, na kwa wengi hupungua wiki zinavyosonga. Lakini zamu zigawanywe kwa majina kabla kijibwa hajafika, usiku kwa baba, asubuhi kwa kijana mkubwa. Na dada wa kazi akiwa anaogopa mbwa, hofu yake isichekwe. Aanze kwa kuweka bakuli chini na kurudi hatua mbili, siku kadhaa, mpaka mkia wa kijibwa umwambie mwenyewe.

Kufikia mwezi wa nne kelele zimepungua. Kijana wa gesi anaingia na mtungi begani, mbwa anainuka barazani, anabweka mara mbili, anamnusa viatu, anarudi kulala. Daftari la chanjo liko juu ya friji, tarehe ya mwisho imetiwa alama. Siku moja, wakati wa kufagia ua, panaokotwa kitu cheupe kidogo kuliko punje ya mchele: jino la mbele la maziwa limeng'oka. Mtoto wa nyumba analitazama kiganjani, anatoka nje, na kulirusha juu ya bati, kama anavyorusha la kwake.